Mtoto Niliyemwacha Nje ya Bima

Kosa ni langu. Shetani simsingizii, maana siku ile nilikuwa na akili zangu zote na hata hasira sikuwa nayo. Nilimdanganya mume wangu kuhusu mwanawe, na uongo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba niliusema huku nachambua mchele.

Jina langu sitalitaja, na majina ya watu wangu nimeyabadilisha. Buyenzi ni mtaa ambao ukikohoa kwenye avenyu hii, avenyu ya pili wanakuja kukuuliza umepona lini. Huenda wapo watakaonitambua hata hivyo. Basi wanitambue. Nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Nina watoto wawili wa kuwazaa, na nafanya kazi ya usekretari katika ofisi moja ya serikali huko Kigobe. Mume wangu nitamwita Baba Shukuru, kwa jina la mwanetu wa kwanza. Yeye ni fundi wa magari. Wakati ule alikuwa na garaji yake hapa hapa Buyenzi. Aliingia pale akiwa kijana wa kupaka grisi, akajibana, akanunua kifaa baada ya kifaa, mpaka siku mwenye mahali alipozeeka akamuuzia na kiwanja. Garaji ile ndiyo ilimfanya watu wamwite mzee kabla hajawa na mvi.

Kabla yangu alikuwa na mke mwingine, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Yule mama alifariki akaacha binti mchanga, ambaye nitamwita Zaina. Mtoto alilelewa na bibi yake huko huko Uvira. Bibi naye alipofariki, na usalama wa kule ukawa haueleweki, Baba Shukuru alikwenda kumchukua mwanawe. Alirudi naye jioni moja, binti wa darasa la tano, mwembamba, mkimya, na mfuko mmoja wa nguo.

Nilimpokea vizuri. Nilimpikia bugali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, nikamtandikia kitanda pamoja na binti yangu. Mtu akiniangalia kwa nje asingeona kasoro.

Lakini Zaina alikuwa na sura ya mama yake. Wazee wa mtaani waliomjua marehemu walikuwa wanasimama barabarani wakimwona. "Ee, uyu si mama yake mutupu?" Wanasema hivyo mbele yangu, mimi natabasamu, na ndani naungua. Baba Shukuru pia, kuna wakati mtoto akicheka mezani, yeye anaacha kula na kumtazama. Najua alichokuwa anakiona. Kumwonea wivu marehemu ni ujinga, lakini huo ndio uliokuwa ujinga wangu.

Halafu alikuwa ananiita "Mama mudogo". Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Mimi nikalipokea kama tusi. Moyoni nilisema: haya, kama mimi ni mdogo kwako, basi na wewe si wangu.

Sasa nikueleze habari ya bima, maana hapo ndipo nilipofanyia kosa.

Sisi wafanyakazi wa serikali tuna bima ya matibabu, tunaiita mituweli. Kila mwezi wanakata kidogo kwenye mshahara kabla haujakufikia. Ukiugua wewe, au mwenzio, au mtoto uliyemwandikisha, unaonyesha kadi, unalipa sehemu ndogo, na ile sehemu nzito inalipwa na mituweli. Watu wengi wanaponung'unika kuhusu yale makato ni kwa sababu bado hawajaugua. Mimi faida yake nilikwisha kuiona. Shukuru aliwahi kuanguka kwenye ukuta akavunjika mkono. Alipigwa picha, akafungwa plasta, akalazwa, na tulipotoka, tulichotoa mfukoni hakikutufanya tubadilishe hata mboga ya siku ile. Kwa hiyo usije ukadhani sikujua. Nilijua vizuri kabisa kile nilichokuwa namnyima mtoto wa mwenzangu.

Zaina alipofika, Baba Shukuru hakukaa. Alikwenda ofisi ya zoni kuchukua karatasi inayosema mtoto anaishi kwetu, akampiga picha ndogo, akaniletea vyote.

"Mama Shukuru, umuandikishe na yeye kwa mituweli," aliniambia. "Mi sitaki siku moja tupate shida ya mutoto huku kadi iko."

Nilikwenda kweli. Nilifika mpaka dirishani. Aliyekuwa pale akaniambia kwamba kwa kuwa si mtoto wangu wa kumzaa, kuna karatasi nyingine inahitajika, ya korti ya mtaa, kuhusu malezi yake. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Nilisema asante, nikatoka nje, na pale kwenye jua nikajikuta nimefurahi. Nilifurahi kwamba kuna sababu ya kutomwandikisha. Haya ndiyo maneno niliyoogopa kuyaandika kuliko yote.

Jioni, nikiwa na ungo wa mchele mapajani, mume wangu akaniuliza, "Ulimuandikisha?"

"Nimemwandikisha."

"Kadi inatoka lini?"

"Nitapewa kazini."

"Allah akulipe," alisema, akachukua kofia yake akaenda kusali magharibi.

Nilibaki nikiyasikia maneno yale. Allah akulipe. Nilitamani nimwite arudi, lakini mlango ulikwisha kufungwa, na mchele ulikuwa unasubiri.

Uongo ukishakaa ndani ya nyumba unataka kulishwa. Zaina alipata malaria, nikanunua dawa kwa farmasi kwa pesa yangu na kumwambia baba yake nimetumia kadi. Akapata jino bovu, nikasema daktari wa meno amesema litang'oka lenyewe. Siku moja Zaina mwenyewe alikuja jikoni akasimama mlangoni.

"Mama mudogo, shuleni wanataka kuona kadi za mituweli. Munganga wa hospitali anapita."

"Iko ofisini kwangu."

"Niseme hivyo?"

"Sema hivyo."

Aliniangalia kidogo, halafu akasema, "Ndiyo, Mama mudogo," akaondoka. Sikuujali ule mtazamo. Leo nauona kila ninapofumba macho.

Ugonjwa ulikuja wakati Baba Shukuru hayupo. Alikuwa amekwenda Kigoma kutafuta spea, maana hapa mjini vitu vilikuwa vimeadimika, na mafuta ya gari pia. Foleni za magari kwenye vituo vya mafuta zilizunguka mitaa. Sisi tuliofanya kazi Kigobe tulikuwa tunakwenda kwa miguu.

Niliporudi jioni nilimkuta Zaina amelala kwenye mkeka, amekunja magoti.

"Nini?"

"Tumbo."

Nikamshika paji la uso. Lilikuwa na joto, si kali. Nilimuuliza amekula nini, akasema embe. Nikashika hiyo embe kwa mikono miwili. Nilimpa vidonge vya maumivu na chai ya tangawizi, nikamwambia alale.

Asubuhi alikuwa ametapika. Maumivu yalikuwa yamehamia upande wa kulia, chini. Nilimwona anatembea ameinama kama bibi kizee, mkono umeshika ukuta. Kitu fulani ndani yangu kilisema: mpeleke. Kingine kikajibu: ukifika watakuuliza kadi. Na baba yake akirudi atauliza ilikuwaje.

Nikaenda kazini. Ndiyo, niliamua kwenda kazini. Nilimwachia vidonge na birika la chai.

Katika yadi yetu kulikuwa na mpangaji, mama wa Kikongo, nitamwita Mama Odeta. Ni Mkristo, mfanyabiashara wa vitenge, anavuka kwenda Uvira na kurudi. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye mkeka na kichwa cha Zaina kiko mapajani mwake.

"Mama Shukuru," alisema bila kunisalimia, "uyu mutoto anagonjwa kabisa. Anatapika maji ya kijani. Na we unamupatia tu vidonge?"

"Alikula embe mbichi."

"Apana. Embe haifanye hivi. Mi niliona mutoto wa dada yangu, alianza hivi hivi. Kamata nguo, twende kwa munganga."

"Tumngoje baba yake. Anarudi kesho kutwa."

Mama Odeta alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa ananishuku, alikuwa haelewi tu.

"Kwa nini unaogopa hospitali, na we uko na mituweli? Sisi wenye hatuna ndio tunaogopa."

Nilisema nimechoka, nilisema mafuta hakuna, teksi hakuna, tutaona asubuhi. Akaguna, akamfunika mtoto kitenge, akaenda kwake.

Na asubuhi, msomaji wangu, Zaina alikuwa amepona.

Ndivyo nilivyodhani. Nilimkuta amelala chali, miguu ameinyoosha, uso umetulia. "Tumbo limeacha," aliniambia kwa sauti ndogo. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nilimpa uji, akanywa vijiko viwili vitatu. Nilimtumia baba yake ujumbe kwamba mtoto alikuwa na tumbo lakini sasa ni mzima. Siku ile sikwenda kazini; nilifagia yadi. Nilimwambia Mama Odeta, "Unaona? Ilikuwa embe."

Yeye aliingia akamtazama Zaina kwa muda mrefu, akatoka akasimama pale kwenye kamba ya nguo bila kufanya kitu. Akasema, "Amekuwa mutulivu sana. Mi sipendi."

Baadaye daktari alinieleza utulivu ule ulikuwa nini. Kile kiutumbo kidogo, kidole tumbo, kilikuwa kimevimba mpaka kikapasuka. Kikipasuka, maumivu hupungua kwa muda, na uchafu unaanza kusambaa ndani. Wakati mimi nafagia yadi na kujipongeza, mtoto alikuwa anaoza tumboni.

Mchana homa ilirudi, na safari hii haikuwa homa niliyoijua. Alikuwa anatetemeka meno yanagongana, midomo imebadilika rangi. Niliweka mkono kwenye tumbo lake, nikakuta gumu kama ubao. Alianza kuongea na bibi yake. Alimwambia bibi amfungulie mlango.

Mama Odeta ndiye aliyembeba. Mimi nilishika mkoba tu. Tulikwenda mpaka foleni ya mafuta, kwa sababu huko ndiko teksi zilikokuwa zimelala. Dereva mmoja aliyekuwa karibu kufika kwenye pampu alimwangalia mtoto, akatoka kwenye mstari. Aliacha nafasi aliyoingoja tangu jana yake. Sikumjua, na hakutaja bei.

Hospitali walimpokea mara moja na kumwingiza ndani. Halafu muuguzi akaja na kuuliza lile swali.

"Kadi?"

"Imebaki nyumbani," nikasema.

"Apana shida. Nipe jina la mwenye mituweli, tutaangalia."

Nikampa jina langu. Aliandika kwenye kompyuta, akasubiri, akasoma kwa sauti. "Naona bwana. Naona Shukuru. Naona mutoto mwingine wa kike. Zaina simuoni." Akainua macho. "Angalia vizuri, mama. Ni jina lingine?"

"Hapana. Ni hilo."

"Basi hayuko."

Mama Odeta alikuwa amesimama kando yangu. Sikumgeukia, lakini nilisikia pumzi yake ikibadilika. Sasa alikuwa ameelewa kwa nini niliogopa hospitali.

Asiye na bima alitakiwa kuweka pesa ya dhamana kwanza kwa dawa na vifaa vya operesheni. Mimi mkobani nilikuwa na kidogo cha kununulia mboga. Mama Odeta alikwenda pembeni, akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa pesa yake ya kwenda kuchukua mzigo Uvira. Aliihesabia kwa kashia yote. Aliporudi hakunitukana. Alisema tu, "Omba Mungu wako, na mi naomba wangu," akaenda kukaa kwenye benchi lingine.

Walimpasua. Daktari alitoka amechoka, akavua kofia yake.

"Kwa nini mulichelewa hivi?" aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Hii, ukiileta siku ya kwanza, ni kazi ndogo. Sasa tumbo lote limeingia uchafu. Tumesafisha. Lakini siwezi kukuahidi kitu."

Mama Odeta alikuwa amempigia simu Baba Shukuru usiku, naye alifika kesho yake moja kwa moja kutoka stendi, na boksi la spea begani. Hata nyumbani hakupita. Alimwona mwanawe na mipira puani na tumboni, akamshika kidole. Halafu akaniambia, kwa kunituliza mimi, "Usiogope. Kubwa ni mutoto kupona. Malipo tuko na mituweli."

Akaenda kwa kashia, na mimi nikamwacha aende. Mpaka leo sijui kwa nini sikumzuia. Niliona mgongo wake unakatiza koridoo, nikawa kama mtu anayeangalia gari linaloelekea shimoni na sauti haimtoki.

Aliporudi alikaa karibu yangu. Alikuwa na karatasi ya hesabu mkononi, ameikunja.

"Wananiambia mutoto hayuko kwa mituweli."

Nikatazama ile karatasi.

"Labda ni kosa yao. Machini inakosea. Eh?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, maskini. Alitaka nimdanganye tena. Nikasema, "Si kosa lao. Sikumwandikisha."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Hakuuliza tena. Alikaa pale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa kwenye msikiti wa jirani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, adhana ilisikika na hakusimama.

Siku iliyofuata nilikimbia kwenda kumwandikisha. Nilikuwa na ile karatasi ya korti, niliipata asubuhi hiyo hiyo. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Mfanyakazi wa dirishani aliipokea, akagonga muhuri, akaniambia kadi itaanza kufanya kazi baadaye, na kwamba ugonjwa uliokwisha kuanza hauingii. "Mama, mituweli inamungoja mugonjwa," alisema. "Haimufuate nyuma." Nilimwomba. Nililia mbele ya watu waliokuwa kwenye mstari. Alinionea huruma, lakini huruma yake haikuwa na muhuri.

Zaina alipasuliwa mara ya pili, maana uchafu ulijikusanya tena. Kila asubuhi walileta karatasi ya dawa, na kila karatasi ilikula kitu nyumbani. Kwanza ilikwenda akiba, friji ikafuata, kisha vitenge vyangu vya harusi. Ndugu walichanga, msikitini walichanga, Mama Odeta akauza mashine yake ya kushonea bila kuniambia. Nilijua siku nilipoingia kwake nikaona mahali pake patupu.

Halafu Baba Shukuru akaanza na garaji. Aliuza jeki kubwa. Akauza mashine ya kuchomelea. Nilifikiri ataishia hapo. Siku moja nilipita pale nikamkuta na mwanaume mmoja anapima kiwanja kwa hatua, na mafundi wamesimama pembeni, mikono haina kazi. Alikuwa anaonyesha mipaka kwa utaratibu kabisa. Hapa mpaka hapa. Aliponiona aligeuza uso.

Tulikuwa familia ya kati, watu wa kula vizuri Ijumaa na kuwasaidia wengine. Ugonjwa mmoja wa mtoto mmoja ulitushusha mpaka chini, na kadi ambayo ingetuzuia kuanguka ilikuwa na nafasi ya jina lake. Sikuliandika tu.

Mtoto alipona kwanza, pesa ikachelewa kukamilika. Hapo nikajifunza kitu ambacho sikukijua: kwamba unaweza kuwa mzima na usitoke. Walimhamishia chumba cha waliopona ambao hawajamaliza kulipa. Kulikuwa na mama mmoja mle, mwanawe alikuwa amejifunza kutembea humo humo ndani. Mlangoni kulikuwa na askari. Zaina alikuwa anakaa dirishani, anaangalia watoto wanaotoka shule.

Siku moja nilimpelekea chakula tukabaki wawili. Nilipiga magoti. Nikamwambia kila kitu, kwamba kadi haikuwahi kuwapo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ya munganga wa shule. Ukisema uongo unatazama chini."

"Kwa nini hukumwambia baba yako?"

Alivuta shuka. "Bibi aliniambia, ukienda kwa watu usilete ugomvi. Nilifikiri nikiwa muzuri, utaniandikisha wewe mwenyewe."

Alikuwa mtoto wa darasa la tano, na ndiye alikuwa ananificha mimi.

Alitoka hospitali garaji ilipokwisha kuandikwa jina la mtu mwingine. Daktari alituita, mimi na Baba Shukuru, kabla hajaturuhusu. Alifunga mlango. Alisema uchafu ule umeacha makovu ndani, na kwamba kwa mtoto wa kike makovu ya hapo yanaweza kuziba njia. Hakusema hakika, alisema huenda. Huenda siku za mbele akiolewa, kupata mtoto kukawa kugumu, au kusiwezekane. "Bado ni mudogo," alisema. "Hakuna haja ya kumuambia sasa. Lakini mujue."

Tukatoka. Zaina alikuwa anatungoja nje kwenye jua, amevaa gauni ambalo sasa lilikuwa kubwa kwake. Baba Shukuru alisimama kabla hatujamfikia. Alikuwa hajasema nami zaidi ya salamu kwa muda mrefu.

"Mi sikuachi," alisema. "Watoto wanakuhitaji. Lakini hii habari, mi sitamuambia. Utamuambia we. Akifika umri wa kuolewa, utakaa naye chini, utamuambia, na utamuambia sababu. Yote. Na mi nitakuwa nimekaa pale nasikiliza."

"Sawa," nilisema.

"Apa."

Nikaapa pale mlangoni pa hospitali, mtu anapita na ndoo ya maji.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Baba Shukuru anakwenda kila asubuhi kwenye garaji ile ile, kama fundi wa kulipwa. Aliyeinunua ni kijana, humwagiza akachukue spana, na yeye huenda. Analala sebuleni. Tunaongea habari za unga na karo. Mama Odeta alihama; nilimlipa pesa ya dhamana kidogo kidogo, mashine ya kushonea bado. Zaina ana kadi yake, ina picha yake, anaitunza chini ya godoro. Hajawahi kuihitaji tena.

Naye anakua. Anasoma sekondari. Ameanza kusuka nywele kwa mtindo na kujifungia na binti yangu wakicheka. Ananiita Mama mudogo kama zamani, na ananisaidia jikoni bila kuambiwa. Juzi alirudi kutoka harusi ya rafiki yake mkubwa, hina mikononi, akakaa karibu yangu tukitoa mawe kwenye maharage. Akaniambia, "Mi nikiolewa nataka watoto wengi. Wane, watano. Nilikuwa peke yangu sana kwa bibi."

Baba Shukuru alikuwa mlangoni. Aliniangalia, akangoja kuona kama nitasema. Nikainamia maharage. Akatoka.

Wewe uliye na bima na kuna mtoto nyumbani hujamwandikisha, wa mume, wa ndugu, wa marehemu dada yako, usiseme karatasi inakosekana. Usiseme atarudi kwao. Usiseme mbona ni mzima. Ugonjwa hauulizi nani kamzaa, unaingia mlango uliouacha wazi, na ukiingia unachukua mpaka vya wale uliowaandikisha. Kaitafute hiyo karatasi kesho asubuhi. Yangu haikunichukua hata nusu siku, na niliipata nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Mimi ninayo kazi yangu iliyobaki, ile niliyoapa mlangoni pa hospitali. Kuna kijana wa mtaa wa pili ameanza kumsindikiza Zaina kutoka shule. Ni kijana mzuri, ana adabu, anasimama mbali na lango anapoaga. Nikimwona anakuja kwenye kona, natamani mvua inyeshe arudi kwao.